Simba wa Tsavo, gorila wa Mikeno: ni nini hasa kinachokarabatiwa katika makumbusho ya ng'ambo?

Katika Makumbusho ya Field mjini Chicago, Marekani, wamo simba wawili madume wasio na manyoya marefu ya shingoni. Ngozi zao ni kavu, na anayewatazama kwa makini hugundua kuwa ni wadogo kuliko inavyotarajiwa kwa simba waliotisha kiasi kile. Hao ndio simba wa Tsavo, waliowaua wafanyakazi wa reli ya Uganda mwaka 1898, na ambao Kenya imewahi kutamka hadharani kuwa ingependa kuwaona wakirejea.

Mjini New York, nyuma ya kioo kikubwa katika Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Asili, familia ya gorila watano inakaa kwenye mteremko wa Mlima Mikeno. Dume kubwa limesimama likijipiga kifua. Nyuma yao, kwenye mchoro uliopakwa ukutani, milima ya volkano ya Nyiragongo na Nyamulagira inatoa moshi. Msikilizaji wa Goma, Musanze au Kisoro hahitaji kuelezwa ni wapi hapo, maana ni mlango wa pili kutoka kwake.

Maonyesho ya namna hii yamefikisha au yanakaribia miaka mia moja. Ngozi zinapasuka kwenye mishono, manyoya yamechujuka rangi, masikio yamekunjamana, na majani ya nta yaliyotengenezwa kwa mkono yanavunjika. Makumbusho yanalazimika kuchagua kuyakarabati, kuyaondoa au kuyaacha yafe polepole. Katika miaka kumi na mitano iliyopita, makumbusho kadhaa makubwa ya Marekani na Ulaya yamechagua kukarabati, tena kwa gharama kubwa. Lakini fundi anapoinama juu ya ngozi na kuuliza irudishiwe sura gani, ile ya pori, ile ya siku ya kwanza ya onyesho au ile ya leo, anakuwa ameingia katika jambo linalozihusu nchi ambazo wanyama hao walitoka.

Si majani makavu tu

Wengi hudhani kwamba mnyama wa makumbusho ni ngozi iliyojazwa majani au pamba. Zamani ilikuwa hivyo, na matokeo yake yalikuwa viumbe vilivyovimba kama magunia. Aliyebadilisha mambo kuliko mwingine yeyote ni Mmarekani Carl Akeley, aliyezaliwa mwaka 1864. Yeye alianza na mifupa na vipimo vilivyochukuliwa porini, akaumba mwili mzima kwa udongo wa mfinyanzi, msuli kwa msuli na mshipa kwa mshipa, kisha akauchukulia umbo kwa plasta. Ndani ya umbo hilo alitengeneza kiwiliwili chepesi, chenye uwazi katikati, na ngozi ikavishwa juu yake kama vazi lililoshonwa kwa kipimo. Ndiyo maana tembo wake wawili wanaopigana, waliowekwa Chicago mwaka 1909, bado wanaonekana kana kwamba wana uzito.

Akeley alikwenda Somalia mwaka 1896, akarudi Afrika Mashariki mwaka 1905 na tena mwaka 1909. Mwaka 1921 aliwafuata gorila katika milima ya Virunga. Huko aliwaua baadhi ya wale wanaoonekana leo nyuma ya kioo, na tendo hilo likamgeuza. Yeye mwenyewe aliandika kuwa lilimfanya ajione kama muuaji. Baadaye alimshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji kuyahifadhi makazi ya gorila hao, na mwaka 1925 ikaanzishwa hifadhi iliyopewa jina la mfalme huyo, ambayo upande wa Kongo leo inaitwa Virunga. Akeley alifariki dunia Novemba 1926 akiwa kwenye mteremko wa Mikeno, akazikwa hapohapo, mahali paitwapo Kabara. Jumba la wanyama wa Afrika lenye jina lake lilifunguliwa New York mwaka 1936, likiwa na maonyesho 28 yanayozunguka kundi la tembo wanane.

Historia hiyo ina uzito katika suala la ukarabati kwa sababu inaeleza kwa nini hakuna cha mbadala. Mkeka ukichakaa hununuliwa mwingine. Gorila wa milimani hawawezi tena kuwindwa ili kujaza pengo, wala haipaswi kuwa hivyo: hesabu ya karibuni inaonyesha kuwa wamebaki kidogo zaidi ya elfu moja duniani kote, wote wakiwa Kongo, Rwanda na Uganda. Hata mimea iliyo mbele ya gorila hao ilitengenezwa kwa kuiga ile iliyochukuliwa mahali penyewe, na mchoro wa nyuma ulitokana na kazi ya msanii aliyekwenda kulitazama eneo hilo mwaka 1926. Kwa mtaalamu wa misitu, hiyo ni kumbukumbu ya jinsi Kabara ilivyokuwa, iliyowekwa kabla ya eneo hilo kupita katika miongo mitatu ya vita.

Mwanga ndiye adui

Adui mkubwa wa wanyama hawa ni taa. Mwanga uleule unaomwezesha mgeni kuona ndio unaokula rangi ya manyoya siku baada ya siku, na joto la taa za zamani lilikausha ngozi mpaka ikavuta na kuachia mishono. Unyevu unaopanda na kushuka huleta nyufa. Wadudu hutaga mayai ndani ya manyoya. Ili kuwazuia wadudu hao, mafundi wa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walipaka ngozi sabuni yenye sumu ya aseniki, ambayo haijatoweka. Leo anayemkarabati swala wa mwaka 1900 huvaa glavu na barakoa, na hupima kwanza sumu iliyomo kabla ya kugusa.

Kazi iliyotazamwa sana na mafundi wa nchi nyingine ni ile ya New York katika jumba jirani la wanyama wa Amerika Kaskazini, lililofunguliwa upya mwaka 2012. Zamani, mnyama aliyepauka alipakwa rangi kama ukuta. Nywele ziligandamana, mng'ao ukapotea, na kosa halikuweza kuondolewa. Safari hii watafiti walizijaribu rangi kadhaa chini ya mwanga mkali kabla ya kuchagua aina inayostahimili, kisha wakaipulizia kwa kifaa chembamba, tabaka jepesi juu ya tabaka, huku kila unywele ukibaki huru. Taa nazo zilibadilishwa. Kanuni iliyoongoza kazi hiyo ni ya kiasi: asifanye fundi wa leo jambo ambalo fundi wa kesho hataweza kulitengua.

Chicago nayo ina mfano wake. Fisi wanne wenye miraba, walioletwa na Akeley kutoka Somalia mwaka 1896, walikaa kwa miongo mingi bila kuwa na mandhari yao. Kampeni ya kuchangisha fedha kwa umma kupitia intaneti, iliyoongozwa na mtangazaji wa makumbusho hayo Emily Graslie, ilifanyika, na mwaka 2016 fisi hao wakapata onyesho kamili lenye usiku na nyota zake. Kwamba watu wa kawaida wa Marekani walitoa fedha zao kwa ajili ya fisi wa Somalia, mnyama ambaye kwetu huitwa kwa matusi, ni jambo la kufikirisha.

Simba waliokuwa mazulia

Simba wa Tsavo walipitia njia tofauti. Luteni Kanali John Henry Patterson, mhandisi wa daraja la reli juu ya Mto Tsavo, alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba 1898 na wa pili tarehe 29 mwezi huohuo. Hakukuwa na Akeley pale wa kupima misuli. Ngozi zilichunwa, zikafanywa mazulia, na kwa takriban robo karne zikakanyagwa sakafuni. Makumbusho ya Field yalizinunua mwaka 1924 pamoja na mafuvu kwa dola 5,000. Fundi aliyepewa kazi ya kuwasimamisha alipokea ngozi zilizokatwa, zenye matundu na kingo zilizokwisha, akalazimika kuumba miili inayolingana na kilichobaki. Ndiyo sababu ya udogo wao.

Hapa linajitokeza swali ambalo hesabu za maabara haziwezi kulijibu peke yake. Je, simba hao wakarabatiwe hadi wafanane na simba wa Tsavo wa mwaka 1898, ama wabaki kuwa walivyo, yaani mazulia yaliyosimamishwa? Kuwanenepesha kungewapendeza watazamaji. Lakini udogo wao na viraka vyao ni ushahidi wa safari waliyopitia: kichakani, sebuleni kwa mzungu, kisha nyuma ya kioo. Ukarabati unaofuta safari hiyo ungekuwa uongo, hata kama ungetoa simba mzuri zaidi.

Nywele ndani ya meno

Jambo zito zaidi halimo katika ngozi, limo katika mafuvu. Idadi ya watu waliouawa imebishaniwa kwa zaidi ya karne moja. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 Patterson aliwataja Wahindi 28, na akaongeza kuwa Waafrika waliouawa walikuwa wengi lakini hawakuandikwa popote. Miaka ya baadaye alitaja jumla ya watu 135. Mwaka 2009, watafiti waliopima kemikali za mifupa na nywele za simba hao walikadiria kuwa waliliwa watu wapatao 35.

Kisha, mwaka 2024, kikundi cha watafiti kilichojumuisha Wakenya kilichapisha matokeo ya uchunguzi wa nywele zilizokwama ndani ya mashimo ya meno yaliyovunjika ya simba hao. Vinasaba vilionyesha twiga, choroa, kuro, punda milia na nyumbu. Nyumbu aliwashangaza, kwa kuwa malisho yake ya karibu zaidi wakati huo yanadhaniwa kuwa umbali wa kilomita zipatazo 80, hivyo pengine simba hao walizunguka mbali kuliko ilivyodhaniwa. Na zilikuwamo nywele za binadamu.

Watafiti hao walisimama hapo kwa makusudi. Walieleza kuwa hawakuzichunguza zaidi nywele za binadamu kwa sababu huenda wazao wa waliouawa wangali hai, na kwamba hatua hiyo inapaswa kufanywa kwa kushirikiana na jamii zenyewe. Ni uamuzi unaostahili kuheshimiwa, na unabadilisha maana ya neno ukarabati. Kwa miaka mingi mafuvu hayo yalikaa ghalani yakiwa na uchafu wake menoni. Kama mtunzaji mmoja mwenye bidii ya usafi angeyasugua kwa brashi, mabaki pekee yaliyosalia ya watu ambao serikali ya kikoloni haikuwahesabu yangeishia kwenye ndoo ya maji machafu.

Mjini Pittsburgh, somo kama hilo lilikuja kwa njia ya kutisha. Makumbusho ya Carnegie yalikuwa na onyesho mashuhuri la msafiri wa Kiarabu juu ya ngamia akishambuliwa na simba, lililotengenezwa Paris na karakana ya Verreaux na kuonyeshwa mwaka 1867. Wakati wa ukarabati, picha za eksirei zilizochukuliwa mwaka 2017 zilibainisha kuwa ndani ya kichwa cha sanamu ya msafiri huyo mlikuwa na fuvu halisi la binadamu. Ni nani, na alitolewa wapi, hakuna karatasi inayosema. Hatimaye onyesho hilo liliondolewa machoni pa umma.

Waliobeba mizigo

Kutokana na mifano hiyo, ni vigumu kukubali hoja ya baadhi ya watetezi wa makumbusho kwamba ukarabati ni kazi ya kiufundi isiyo na siasa. Wanyama hawa hawakufika New York kwa miguu. Walifuatiliwa na waongozaji wa njia waliojua nyayo, wakachunwa na vijana waliokesha wakisugua chumvi kwenye ngozi, wakabebwa vichwani na wapagazi hadi kituo cha reli au bandarini. Mmoja wa watu hao jina lake limehifadhiwa: Wimbia Gikungu, Mkikuyu aliyejiunga na Akeley akiwa bado mvulana mwaka 1905, na ambaye Akeley alimwita Bill na kumwandika kwa mapenzi na kwa ubwana kwa wakati mmoja. Jumba lina jina la Akeley. Jina la Gikungu limo vitabuni, kwa anayejua pa kulitafuta.

Kuongeza majina kama hayo hakugharimu hata sehemu ndogo ya fedha zinazotumika kuipulizia rangi ngozi ya swala. Makumbusho hayohayo ya New York yameonyesha kuwa inawezekana. Mwaka 2018 yaliandika juu ya kioo cha onyesho moja la zamani, linalohusu Waholanzi na wenyeji wa asili wa New York, maelezo yanayomwonyesha mtazamaji palipopotoshwa, bila kubomoa chochote ndani. Mwaka 2022 yaliondoa mlangoni sanamu ya Rais Theodore Roosevelt akiwa juu ya farasi huku Mwafrika na Mhindi Mwekundu wakitembea chini, kila mmoja upande wake. Kilichofanyika mlangoni na katika onyesho la Waholanzi kinaweza kufanyika mbele ya gorila wa Mikeno. Mbele ya gorila hao kuna la ziada la kusema: askari wa wanyamapori zaidi ya 200 wa Virunga wameuawa wakiwalinda wanyama ambao jamaa zao wako nyuma ya kioo.

Warudi au wabaki?

Madai ya Kenya kuhusu simba wa Tsavo yana nguvu ya kihisia, lakini msingi wake ni mgumu kuliko ule wa vigango vya Wamijikenda. Vigango ni nguzo za ukumbusho wa wafu zilizoibwa makaburini, na makumbusho kadhaa ya Marekani yamekwisha kuvirudisha, likiwemo lile la Jimbo la Illinois, jimbo lilelile lenye mji wa Chicago. Simba waliuzwa na aliyewapiga risasi, chini ya sheria ya dola iliyotawala wakati huo. Kwamba sheria hiyo haikuwauliza wenyeji ni kweli, lakini mahakama hazitazamii kuibatilisha. Njia iliyobaki ni ya mazungumzo, na katika mazungumzo swali la kwanza litakuwa la uhifadhi: ngozi hizo dhaifu zitastahimili ndege, mabadiliko ya unyevu na mwanga wa jumba jipya?

Hoja hiyo isitumike kuwa kufuli. Nairobi si mgeni katika kazi hii. Tembo Ahmed wa Marsabit, aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 na kufa mwaka 1974, ana sanamu yake ya faibaglasi yenye ukubwa kamili katika ua wa Makumbusho ya Taifa, na watoto wa shule hupiga picha chini ya pembe zake. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani kilicho cha asili huhifadhiwa na umma hupata umbo la kutazama. Ulaya ilijifunza jambo hilo kwa machungu, pale wezi walipovamia makumbusho mwaka 2011 kukata pembe za vifaru. Mjini Ipswich, Uingereza, waling'oa pembe halisi. Huko Tring waliondoka na za bandia, kwa sababu halisi zilikuwa zimeshafichwa.

Kinachopaswa kudaiwa sasa na kisichohitaji kusubiri hukumu ya umiliki ni ujuzi. Ghala za makumbusho ya ukanda huu zina ngozi na vielelezo vya enzi ya ukoloni vinavyokabiliwa na aseniki, wadudu na unyevu uleule, tena bila bajeti ya New York. Fundi wa Nairobi, Kampala au Lubumbashi akikaa mezani Chicago simba wanapofunguliwa, kazi hiyo itakuwa na maana kwa pande zote mbili. Utafiti wa mwaka 2024 umeonyesha kuwa Mkenya akiwapo mezani, maswali yanayoulizwa huwa mengine.

Zile nywele za binadamu bado zinasubiri. Zinaweza kuwa za kibarua kutoka Punjab aliyepanga mkataba wa miaka mitatu, au za Mtaita au Mkamba aliyekuwa akipita njia. Kabla ya kuzichunguza zaidi, watafiti watalazimika kuzikuta familia, na mikutano ya kuzitafuta haiwezi kufanyika Chicago. Italazimika kufanyika Voi, Mtito Andei na vijiji vya kando ya reli, na ng'ambo ya bahari, Punjab.